Naomba msaada: int() inagoma kwenye orodha ya bei (Python)

mtunza_stoo: Wakuu, habari za leo. Nimesoma bei kutoka kwenye faili la CSV, zote ni stringi (maandishi, si namba):

`bei = ["4500", " 800", "12,500", "", "3000.0"]`
`namba = list(map(int, bei))`

Inanitolea `ValueError: invalid literal for int() with base 10: '12,500'`. Nataka namba kamili nipate jumla na wastani.

kodi_pwani: Mkuu, `map` haina kosa. `int()` husamehe nafasi za pembeni, ndiyo maana `" 800"` imepita, lakini mkato haiujui. Ukiutoa, itakwama kwenye `""`, halafu kwenye `"3000.0"`. Wengi hapo hukimbilia `int(float(s))`. Usifanye hivyo: `"1499.99"` itageuka 1499 kimyakimya. Tumia hii:

```
from decimal import Decimal

def soma(s):
    s = s.strip().replace(",", "")
    if not s:
        return None
    d = Decimal(s)
    if d != int(d):
        raise ValueError(s)
    return int(d)

namba = [soma(s) for s in bei]
safi = [n for n in namba if n is not None]
```

Jumla ni `sum(safi)`, hapa 20800. Bei iliyo wazi usiijaze sifuri, wastani utashuka bure: kwa bei nne ni 5200, ukihesabu sifuri inakuwa 4160. Na hakikisha mkato kwenye faili lako unatenga maelfu. Kama aliyeandika `"12,5"` alimaanisha kumi na mbili na nusu, utapata 125.

mtunza_stoo: Asante sana. Je, nichuje kwanza kwa `isdigit()`, inayoangalia kama stringi ni tarakimu tupu?

binti_data: Hapana ndugu. `"-50".isdigit()` ni False, kwa hiyo marejesho yote (yale yenye alama ya kutoa) yatapotea. Na `"²".isdigit()` ni True, ilhali `int("²")` inakataa. Weka `try` kunasa makosa, ila ukumbuke `Decimal("abc")` hutoa `InvalidOperation`, ambayo `except ValueError` haiidaki. Zitaje zote mbili, uchapishe na namba ya mstari ili ukarekebishe faili lenyewe.

Ukiona `'\ufeff4500'` kwenye bei ya kwanza tu, hiyo `\ufeff` ni alama isiyoonekana ya mwanzo wa faili; fungua faili kwa `encoding="utf-8-sig"`.

kodi_pwani: Nyongeza: kama kuna safu ya simu, iache ibaki stringi. `int("0754")` ni 754.