Nimepewa ofa ya krediti kadi yenye keshibeki, niko Kigoma, je inalipa kweli?

baba_wawili_mwanga

Wadau habari za jioni. Naombeni mawazo yenu maana naona kichwa kinazunguka.

Mimi ni mtumishi wa afya hapa Kigoma mjini, mshahara unapita benki. Wiki iliyopita afisa wa benki akanipigia kwamba nimefuzu kupewa krediti kadi, limiti (mwisho wa kukopa) milioni 2, halafu kila nikiswaipu, yani nikilipia kitu kwa kadi, narudishiwa asilimia 1, yani keshibeki. Nikaenda tawini wakanipa karatasi. Ada ya mwaka 50,000. Riba asilimia 3 kwa mwezi ukichelewa. Malipo ya chini kwa mwezi asilimia 10 ya deni.

Sasa mimi nilikuwa najua kadi ya ATM ya kawaida tu, ile unatumia hela yako mwenyewe. Hii wanasema natumia ya benki halafu nalipa baadae, na nikilipa yote kwa wakati hakuna riba hata senti. Mke wangu ana duka la madaftari na vifaa vya shule pale Mwanga, anasema tuchukue, matumizi yetu yanafika laki 6 kwa mwezi kwa hiyo tutapata elfu 6 kila mwezi bure, kwa mwaka 72,000, hiyo ni sare za watoto. Mimi naogopa, jirani yangu alikopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, mpaka leo friji lake sijaliona tena sebuleni.

Kuna mtu humu anayetumia hii kitu akiwa mikoa yetu hii na sio Dar? Nielezeni taratibu, mnielimishe.

asali_isevya

Kaka mwangaluka toka Tabora. Natumia mwaka wa tatu huu, nakujibu kwa nilichokiona kwa macho yangu.

Kwanza hesabu ya shemeji ina shimo moja. Laki 6 ni matumizi yenu yote, lakini ni kiasi gani kati ya hiyo kinapita kwenye mashine ya kadi? Dagaa Kibirizi unalipa keshi, mawese keshi, nyanya na mkaa keshi au lipa namba, bodaboda keshi, kodi ya nyumba unamrushia mwenye nyumba kwenye simu. Kaa chini na mama watoto mchukue kalamu, mhesabu kile tu ambacho kadi inapokelewa. Mimi nilipofanya hivyo nikakuta ni chini ya nusu.

Tuseme kwako ni laki 2 na nusu. Kwa mwaka milioni 3, asilimia 1 ni 30,000, na ada ni 50,000. Umeshapoteza elfu 20 kabla hata hujachelewa siku moja!! Ili ada tu irudi lazima upitishe milioni 5 kwa mwaka, kama 417,000 kila mwezi, na hapo ndo upo sifuri. Kwa hiyo swali la kwanza kwa huyo afisa ni ada inafutwa au haifutwi. Mimi yangu walifuta baada ya kuwaambia basi narudisha kadi.

Mimi kwangu inalipa kwa sababu nauza asali, nanunua chupa na lebo kwa wauzaji wa Dar wanaopokea kadi, hizo zilikuwa gharama zangu hata kabla ya kadi haijazaliwa. Hapo ndo siri ilipo, ununue kile ambacho ungenunua hata bila keshibeki. Ukianza kuongeza kitu kwenye kapu ili urudishiwe asilimia 1 ujue umetoa 99 ili upate 1.

Nifanyavyo, nina daftari limening'inia kwenye msumari pembeni ya meza ya kufungia mzigo. Nikiswaipu naandika tarehe, kiasi, duka, halafu siku hiyo hiyo, sio kesho, nahamisha kiasi kile kile toka akaunti ya biashara kwenda akaunti nyingine ambayo siigusi. Nimenunua chupa za 340,000, nahamisha 340,000 na kuweka tiki. Stetimenti, yani karatasi ya deni la mwezi, ikija tarehe 25 hela yote imeshakaa inasubiri, nailipa tarehe 1 au 2 wakati mwisho ni tarehe 15. Huwa sisubiri siku ya mwisho maana mtandao ukikata hapa Isevya unaweza ukakata siku nzima.

Na tarehe ya stetimenti uielewe vizuri. Stetimenti yangu inafungwa tarehe 25, nikinunua tarehe 26 Januari inaingia stetimenti ya 25 Februari na kulipwa 15 Machi, siku 48 bila riba. Nikinunua tarehe 24 Februari nayo inalipwa hiyo hiyo 15 Machi, siku 19 tu. Kwa hiyo mzigo mkubwa nanunua tarehe 26 au 27.

mama_tumbaku_urambo

Baba wawili soma hii kabla hujasaini mwanangu.

Mimi nilipewa kadi kama hiyo na benki moja, sitaitaja. Hakuna aliyekaa na mimi kunieleza kwamba KUTOA KESHI kwa kadi ile ni kitu kingine kabisa. Msimu ule pembejeo zilikuwa zinasubiri hela, nikaenda ATM nikatoa 800,000 nikijua nina siku zangu arobaini na kitu bila riba kama walivyosema. Kumbe zile siku ni za kununua tu. Keshi inakatwa ada hapo hapo, kwangu asilimia 3 yani 24,000, na riba inaanza kuhesabu siku ile ile unapotoka kwenye kibanda cha ATM. Na keshibeki hupati hata shilingi maana kutoa hela hakuhesabiki.

Stetimenti ya kwanza ikasema nadaiwa 848,720. Chini yake kwa herufi kubwa imeandikwa malipo ya chini 84,872. Nikalipa hiyo nikaona nimetimiza wajibu. Nikaja kupiga hesabu usiku na kijana wangu wa form four, kati ya ile karibu 85,000 niliyotoa, 48,720 ilikuwa ada na riba, deni lenyewe lilipungua 36,000 na kidogo tu. Nililia. Nilikuja kumaliza baada ya kuuza mabelo ya tumbaku mwezi wa saba na hela ile ilikuwa na kazi yake nyingine.

Kwa hiyo ile asilimia 10 usiione kama ndo deni, ni ya kukufanya usihesabiwe umekiuka tu, riba inaendelea kutembea kwenye kilichobaki. Na muulize afisa kama ukibakiza kidogo manunuzi MAPYA nayo yanaanza kuhesabiwa riba toka siku ya kwanza, maana kwa kadi nyingi ndivyo ilivyo, ukishabakiza zile siku za bure zinafutika mpaka ulipe yote.

Ukishindwa usikimbie namba zao za simu pia. Taarifa zinaenda kwenye taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya BoT (Benki Kuu), siku unataka mkopo wa kujenga wanakufungulia faili.

baba_wawili_mwanga

Mama shikamoo, na pole sana. Hili la ATM sikuambiwa kabisa na nilikuwa nimeshapanga kwamba dharura ikitokea natoa pale. Asante mno.

Swali jingine. Kuna duka la vifaa vya umeme hapa mjini, nilipouliza kama wanapokea kadi wakasema ndio ila wanaongeza asilimia 3 ya mashine. Hiyo ni sawa?

kasulu_ughaibuni

Ndugu yangu hapo usitoe kadi. Kitu cha 500,000 wanakuuzia 515,000, benki inakurudishia elfu 5 na mia kidogo, umepoteza kama elfu 10. Lipa keshi uondoke.

Lakini ukijua kwanini muuzaji anafanya hivyo utaielewa keshibeki yote. Mimi ni mtoto wa Kasulu ila naishi Marekani sasa, huku kadi hizi ni kama khanga, kila mtu anazo. Duka likipokea kadi linakatwa asilimia kadhaa, huku ni kama 2 hivi au zaidi, sehemu kubwa inaenda benki iliyotoa kadi, na benki inachukua kipande cha hiyo inakurudishia wewe. Ndo maana huku keshibeki ya asilimia 1.5 mpaka 2 ni ya kawaida, wakati nchi za Umoja wa Ulaya toka 2015 sheria imebana makato hayo kwa krediti kadi yasizidi asilimia 0.3, na kule keshibeki ni ndogo sana. Sehemu nyingine ya hela inatoka kwa wanaochelewa. Riba huku kwa kadi nyingi ni zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Anayelipa yote kila mwezi analishwa na anayelipa kidogo kidogo, mimi hilo linaniuma kwa sababu wengi wanaonaswa ni wageni kama sisi tuliotoka kambini Nyarugusu au vijijini tukaletewa kadi kwenye bahasha wiki chache baada ya kufika.

Kitu hiki sio kipya, kampuni ya Discover ya huku Marekani waliingia na kadi ya kurudisha hela mwaka 1986. Siku hizi kuna zinazotoa asilimia 5 kwa kundi fulani, miezi mitatu mafuta ya gari, mitatu inayofuata vyakula, ila zina kikomo, nyingi ni dola 1,500 za matumizi kwa miezi hiyo mitatu, ukivuka unarudi kwenye asilimia 1. Angalia kwenye karatasi yako kama kuna kikomo cha namna hiyo, na keshibeki wanaiingiza lini, na kama ukirudisha bidhaa wanainyang'anya (wanainyang'anya).

Mambo mawili nimejifunza kwa gharama. La kwanza, malipo ya kujiendesha yenyewe ni mazuri sana ila kwenye apu kuna machaguo, kulipa deni lote la stetimenti au kulipa kiasi cha chini. Mimi niligusa la chini bila kusoma nikakaa miezi minne nikiamini nalipa yote. La pili, nilipokuja likizo Kigoma nililipia hoteli kwa kadi ya huku, mashine ikaniuliza nilipe kwa dola au shilingi. Chagua shilingi siku zote, ukichagua dola mwenye mashine anakupigia bei yake ya kubadilishia. Halafu kadi nyingi za huku zinakata karibu asilimia 3 ukizitumia nje ya nchi, yani inameza keshibeki yote na kudai nyingine. Na wewe ukinunua vitu vya China onlaini kwa dola uliza kadi yako inakata ngapi kubadilisha.

al_ujijiy

Assalaam alaykum. Nimesoma yote, elimu nzuri. Naongeza kwa ndugu waislamu maana huku Ujiji ni swali linaloulizwa sana. Tatizo sio kulipa riba peke yake, ni kusaini mkataba wenye sharti la riba. Baraza la kimataifa la Fiqhi (sheria ya Kiislamu) kikao chake cha Riyadh mwaka 2000 lilisema kadi yenye sharti hilo haijuzu hata kama mwenye kadi ana nia ya kulipa ndani ya muda wa bure. Wapo wanazuoni wenye mtazamo mwepesi zaidi pakiwa na haja ya kweli. Muulizeni shekhe wenu mkiwa na karatasi ya masharti mkononi, msimuulize kwa maneno matupu. Kwangu mimi nabaki na kadi ya kawaida ya akaunti isiyo na riba, bidhaa za onlaini nanunua nayo bila shida.

asali_isevya

Shekhe hapo umenena, na hata kwa asiye muislamu kadi ya kawaida inanunua onlaini vizuri tu, mtu asidanganywe kwamba lazima awe na krediti.

Baba wawili kingine, limiti ya milioni 2 usiikubali kwa sababu wamekupa. Omba ndogo. Mwanzoni nilipewa milioni 3, nikashusha mpaka laki 8, usingizi ukarudi.

baba_wawili_mwanga

Narudi na majibu. Jana tumekaa na mke wangu na daftari la duka mpaka saa tano usiku. Vinavyopita kwenye kadi kweli ni tiketi zangu za semina, bando la ofisi, na mzigo wa madaftari kwa jumla ambao muuzaji wake wa Dar anapokea kadi bila kuongeza kitu. Wastani 280,000 kwa mwezi. Kwa mwaka keshibeki 33,600. Sare za watoto hazipo hapo, na ada ikibaki 50,000 tunadaiwa sisi.

Leo mchana nimeenda tawini na maswali nimeyaandika kwenye karatasi. Ada wamekubali kufuta mwaka wa kwanza tu, mwaka wa pili inarudi nisipofikisha milioni 6. Kutoa keshi ATM ada asilimia 4 na riba toka siku hiyo, kama mama alivyosema, afisa mwenyewe ilibidi afungue faili kutafuta. Nimeomba limiti ishuke mpaka laki 5 na ile ya kutoa keshi waifunge kabisa, kaniambia hajawahi kuombwa hivyo, nirudi Jumatatu na salari slipu. Mke wangu amesema tuichukue kwa mwaka huo mmoja wa bure, tununulie madaftari ya Januari, na mwezi wa kumi na moja kabla ada haijakatwa tuirudishe. Nimeandika tarehe ya kuirudisha kwenye kalenda ya ukutani.