MREJESHO: Taa nyekundu ya breki imezimika, ya ABS bado

Wakuu, nimerudi. Mtakumbuka nililalamika kwamba taa nyekundu ya breki inawaka kila nikikata kona, kisha inazima. Asanteni sana kwa michango yenu.

Nilianza na swichi ya handibreki kama wengi mlivyoshauri, ilikuwa nzima. Mafuta ya breki yalikuwa chini ya alama ya MIN, nikaongeza ya aina ya DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko. Taa ikazima. Ningeishia hapo, ila mmoja wenu alisisitiza: "Usijaze tu, angalia pedi kwanza," maana pedi zikiisha mafuta hushuka.

Mungu ambariki! Tulipofungua magurudumu ya mbele, pedi ya ndani kulia ilibaki milimita 2 hivi, ile ya nje bado nene. Pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zilikuwa zimekauka. Tumezisafisha, tumezipaka grisi, tumeweka pedi mpya pande zote mbili. Pistoni za kalipa ziliposukumwa ndani, mafuta niliyoongeza yakapanda hadi kufurika, na yanaharibu rangi ya gari, kwa hiyo nyonyeni kiasi kwanza kabla ya kusukuma.

Wiki ya tatu sasa, taa nyekundu haijarudi. Ile ya njano ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) imegoma kuzima. Kusafisha sensa yake kulisaidia siku moja tu. Nitapima gari kwa mashine ya kusoma hitilafu.