Ukoo wa Bibi Somoe, Mikindani

Shangazi Mwanaidi 19:02
Asalaam alaykum. Nimetoka wodini sasa hivi. Rehema kawekewa oksijeni, anakohoa damu. Nataka wawili wa kutoa damu kesho saa 2 asubuhi, na elfu 20 kila kaya. Andikeni majina.

Shangazi Mwanaidi 19:40
Watu 14 mmesoma.

Dulla 19:52
Waalaykum salaam. Si vilikuwa vipele vya miguuni vya kuisha vyenyewe?

Shangazi Mwanaidi 19:55
Kwa watoto wengi huisha. Ugonjwa wenyewe unaitwa IgA vasculitis, kinga ya mwili inashambulia vimishipa vya damu. Hushika ngozi, viungo, tumbo, figo. Kwenye mapafu ni nadra mno, na ndiyo iliyompata wetu.

Kaka Saidi 19:57
Sio TB hiyo?

Shangazi Mwanaidi 19:58
Makohozi yamepimwa, hakuna TB. Damu inavujia ndani ya mapafu. Wanampa steroidi, dawa ya kutuliza kinga, ya mshipani, dozi kubwa siku 3, kisha vidonge vya predinisoloni.

Zuhura 20:03
Predinisoloni si zile wanazomeza mabinti wanenepe? 😂

Dulla 20:03
Zuhura shahidi 😂😂

Shangazi Mwanaidi 20:05
Ndizo. Atavimba uso, msimcheke. Na haziachwi ghafla. Zikishindwa kuna siklofosfamidi, dawa kali zaidi ya kushusha kinga, hapo daktari anataka twende Muhimbili. NAULI JE? Juma, unatoa damu?

Juma 20:11
Yangu ina pombe ya uraka shangazi, mtoto ataamka anacheza sindimba

Shangazi Mwanaidi 20:12
Kundi gani wewe?

Juma 20:12
Kundi la wanaodai. Hela ya korosho za Nanyamba ililiwa na nani?

Kaka Saidi 20:14
Umeanza. Mnada ule uliuza bei gani, unajua?

Juma 20:14
Bei naijua. Mgawo ndio siujui.

Dulla 20:15
🍿

Babu Athumani 20:31
Mikorosho ile nilipanda mimi na bibi yenu, kwa mikono. Nikiisikia tena humu nachukua shoka. Juma na Saidi, saa 2 muwe pale. Gari moja.

Juma 20:50
Sawa babu

Zuhura 21:04
Nimetuma 10, nyingine mwisho wa mwezi

Shangazi Mwanaidi 21:06
Ahsante. Saidi?

Mama Rehema 22:47
Kalala. Kaomba uji, kanywa vijiko viwili

Shangazi Mwanaidi 22:48
Alhamdulillah. Saidi naona uko hewani.

Kaka Saidi 23:20
Gari la nani?