Samaki wangu klauni wanapigana: nigawe tangi, nibadilishe mmoja, au ninunue anemone?

Maji_Ntinda
Salaam wadau. Klauni wangu wawili hawapatani kabisa. Taa ikiwaka tu asubuhi, mkubwa anaanza kumfukuza mdogo na kumng'ata mapezi. Mdogo sasa anashinda pembeni juu, karibu na bomba la filta. Nina njia tatu. Naweza kugawa tangi kwa wavu wa plastiki. Naweza kumrudisha mmoja dukani, maana mwenye duka amekubali kunibadilishia ilimradi nifike kabla ya Jumamosi, mzigo mpya ukiingia. Au ninunue anemone, yule kiumbe laini wa baharini ambamo klauni hukaa, kwa sababu naambiwa wakipata makao yao watatulia. Pesa niliyo nayo inatosha jambo moja tu. Nyinyi mngefanya lipi?

Nnalongo_wa_Tangi
Ssebo, hapa bado hujatuambia kitu. Tangi ni la lita ngapi? Samaki wana urefu gani? Uliwaweka siku moja au mmoja alitangulia? Mdogo anakula? Bila hayo tunabahatisha, na atakayelipa ni samaki.

Kambale_Jinja
Ongeza samaki, usipunguze. Mimi nafuga mbuna wa Ziwa Malawi na hakuna samaki wakorofi kama wale. Dawa yao ni kuwajaza, mkubwa akose wa kumwandama. Weka klauni sita, fujo itagawanyika na hakuna atakayeumia peke yake.

Mwana_Kilindini
Kaka Kambale, kwa mbuna nakubali, kwa klauni sikubali hata kidogo. Klauni wanaishi kwa ngazi. Aliye mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata ni dume wake, waliobaki hawazai na hukaa chini yao. Wote huanza maisha bila kuwa majike. Jike akifa, dume wake hugeuka kuwa jike na wa tatu hupanda kuwa dume. Jike harudi tena kuwa dume. Ukiweka sita kwenye tangi la nyumbani, wawili wakishaungana watawasaka wanne waliobaki hadi wa mwisho. Baharini mnyonge anaweza kukimbia. Ndani ya kioo atakimbilia wapi?

Kambale_Jinja
Lakini madukani huwa wanajaa tangi moja na hawauani.

Mwana_Kilindini
Wale ni wachanga, wa umri mmoja, na wanakaa pale muda mfupi. Wakikua ndipo utaona.

Maji_Ntinda
Tangi ni lita 100 hivi. Mdogo ndiye mwenyeji, mkubwa nimemleta juzi kutoka duka lingine. Mkubwa ana urefu wa kidole changu cha kati, mdogo ni nusu yake. Mdogo anakula chembe zinazopita karibu naye tu, hathubutu kushuka.

Nnalongo_wa_Tangi
Tofauti hiyo ya ukubwa ni nzuri, usikate tamaa. Kufukuzana siku za kwanza ni kawaida, jike anaonyesha nani mwenye nyumba. Mtazame mdogo vizuri: mkubwa akimkaribia, je, analala ubavu kidogo na kutetemeka mwili mzima? Huko ndiko kusalimu amri. Ukiona hivyo, waache waendelee, ndoa inakuja. Lakini kama hatetemeki, anakimbia tu, mapezi yamechanika hadi karibu na nyama na anahema haraka, mtenge leo hii.

Mimi nachagua wavu. Nunua ule mgumu wa plastiki wenye matundu, kata kipande kinachobana vizuri hadi juu ya maji, maana klauni hupenya na huruka. Waonane na kunusana bila kugusana. Ukiutoa baadaye, panga mawe upya na uzime taa, ili mkubwa naye ajione mgeni. Walishe kidogo kidogo mara mbili kwa siku. Na pima chumvi: 1.025 kwenye haidromita, joto 25 au 26. Kidonda cha pezi hupona chenyewe maji yakiwa safi.

Bweyogerere_Chumvi
Wavu hausaidii kila mara, nisikilize. Duka moja hapa mjini (silitaji) liliniuzia klauni wawili kama jozi. Muuzaji aliapa kwamba wamezaa mayai pale pale dukani. Wote walikuwa wakubwa na wanene, nikaona ni jambo zuri. Siku ya kwanza walitulia. Usiku wakaanza kushikana midomo, wanazunguka wamebanana hivyo hadi wanagonga kioo. Nikaweka wavu. Wakakaa upande kwa upande muda mrefu sana, kila mmoja amesimama kwenye matundu anamtazama mwenzake. Nikadhani wamezoeana, nikautoa. Haikufika jioni, mmoja alikuwa amepoteza jicho na mkia umebaki kijiti. Nilimhamishia kwenye ndoo yenye pampu ya hewa lakini hakuona asubuhi. Baadaye kijana aliyekuwa akifanya kazi pale dukani ndiye aliyenieleza ukweli: walitoka kwenye matangi mawili tofauti, kila mmoja alikuwa jike kwake. Majike wawili hawapatanishwi na wavu, hata ungeuacha mwaka mzima. Tangu siku ile sinunui klauni wawili wanaolingana, hata nikipewa bure. Ndugu yangu, rudisha mmoja ungali na nafasi.

Nnalongo_wa_Tangi
Pole sana. Lakini wako walilingana, wa Ntinda mmoja ni nusu ya mwenzake. Si jambo moja.

Dada_Entebbe
Na anemone je? Hakuna aliyemjibu. Wangu walitulia kabisa walipopata anemone, wanalala humo usiku.

Mwana_Kilindini
Dada, wako walikuwa wamekwisha kupatana. Anemone haipatanishi wagomvi, inawapa cha kugombania. Klauni hulinda anemone yake hadi anauma mkono wa anayesafisha kioo. Tena anemone inataka taa kali na tangi lililokomaa. Umeme ukikatika usiku kucha na pampu zikasimama, anemone ikifa itaoza na kuchafua maji yote, utapoteza na samaki. Kwa lita 100 Kampala, bila betri ya akiba, simshauri mtu.

Sasa nataka kujua jambo moja ambalo hakuna aliyeuliza. Mdogo ana mikanda mingapi myeupe, na mkubwa ana mingapi?

Maji_Ntinda
Mdogo ni wa rangi ya chungwa, mikanda mitatu. Mkubwa ana miwili, mwili wa kahawia iliyokolea karibu na weusi, mkia mweupe. Muuzaji alisema ni aina ile ile, ila ameiva zaidi.

Mwana_Kilindini
Basi muuzaji hakukwambia kweli. Mdogo ni ocellaris, ambaye hata hapatikani kwenye pwani yetu, asili yake ni mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Mkubwa, kwa maelezo hayo, ni allardi, klauni wa kwetu kabisa, tunamwona kwenye matumbawe ya Kenya na Tanzania. Allardi hukua zaidi na ni mkali kuliko ocellaris. Hapo wavu ni kuahirisha. Mrudishe huyo mkubwa.

Nnalongo_wa_Tangi
Aina mbili kuungana imewahi kutokea, tusimkatishe tamaa kabisa.

Mwana_Kilindini
Imetokea, ndiyo. Lakini mtu ana lita 100 na pesa ya jambo moja, kwa nini abahatishe na roho ya samaki?

Kambale_Jinja
Mnisamehe nitoke nje kidogo. Tuko kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kwa nini tunasafirisha samaki na chumvi zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mombasa? Nkejje wetu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wana rangi zisizopungua za klauni. Majike wao hubeba mayai mdomoni, na watoto wakiona hatari wanarudi humo humo. Mputa (sangara) alipoletwa miaka ya 1950 na kuzidi ziwani miaka ya 1980, aina nyingi za nkejje zilitoweka. Leo zipo zinazofugwa zaidi Ulaya na Marekani kuliko hapa kwetu. Sisi ndio tungepaswa kuzihifadhi.

Dada_Entebbe
Hapo umesema neno kubwa. Fungua uzi wake, nitakuja na picha za wangu.

Bweyogerere_Chumvi
Nkejje nao wanapigana, wala usidhani umekimbia ugomvi.

Kambale_Jinja
Wanapigana, lakini maji yao ni ya bomba ukitoa klorini. Chumvi hununui.

Maji_Ntinda
Wadau asanteni. Nimemtia mdogo kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu, kimening'inia ndani ya tangi, na leo amekula vizuri. Nimempigia mwenye duka. Anasema allardi atampokea, lakini ocellaris aliyebaki ni mmoja tu na ni mkubwa, wadogo hana hakika kama watakuja na mzigo wa Jumamosi. Nimchukue huyo mkubwa au nibaki na mmoja kwanza?

Bweyogerere_Chumvi
Mkubwa kutoka tangi gani? Alikuwa peke yake au na mwenzake? Uliza kabla hujatoa hata shilingi.

Nnalongo_wa_Tangi
Klauni mmoja peke yake anaishi vizuri tu, hana upweke wa kumuua. Lakini akikaa mwenyewe muda mrefu atageuka jike, basi safari ijayo tafuta mdogo kuliko yeye.

Mwana_Kilindini
Mchukue mkubwa, huyu wako bado mchanga, atasalimu amri.

Bweyogerere_Chumvi
Au atapoteza jicho.

Dada_Entebbe
Anayekwenda dukani Jumamosi aniulizie chumvi ya bahari ya ndoo kubwa. Yangu imebaki kidogo na wiki ijayo nabadilisha maji.