Nataka kanoti ya familia hapa Goma, ya kutembea siku ya yenga (Jumapili): nichukue ya namna gani?

Papa wa Himbi:

Jambo wandugu na wakubwa. Niko Goma, Himbi, tuko batu saba nyumbani, mimi na bibi yangu, batoto bane na mdogo wangu, na minataka kununua kanoti kidogo ya kutembea ziwani Kivu siku ya yenga, si ya kazi, si ya mizigo, ni ya kufurahi tu, tupite kando kando mpaka upande wa kisiwa cha Tchegera, batoto baogelee, tukule kitu, jioni tuko nyumbani. Mungu akipenda siku moja tufike hata kisiwa cha Idjwi.

Kuko mtu anauzisha moja ya mbao, urefu mita 5 na nusu, upana mita 1 na nusu, chini yake ni bapa kabisa. Anasema ni nzuri kwa sababu haiyumbi, na kweli nilipanda ndani ikiwa imefungwa pale kwenye ufuko, ilitulia sana. Anasema tena nikiweka moteri ya nguvu ya farasi 40 tutakuwa tunaruka juu ya maji. Mwingine ameniambia 15 inatosha. Sijue nimsikilize nani.

Halafu kuko bibi. Tangu ile bato iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku hapa Goma, Oktoba 2024, batu bamejaa kupita kipimo na walikuwa karibu kabisa kufika, hataki kusikia habari ya ziwa. Ameniambia waziwazi: "Kama hauna majibu ya maswali yangu, batoto bangu habaende." Na maswali yake yana maana. Upepo ukitukuta katikati tutafanya nini? Moteri ikizima? Na ile gazi iko chini ya ziwa, haiwezi kupanda tukiwa juu yake? Mwenye anajua anisaidie, minasoma yote.

Muzee Nanga (Goma):

Papa, kwanza nisalimie mama, huyo ndiye kapiteni wa kweli hapo nyumbani, na maswali yake yajibiwe kabla ya kuongea bei.

Hiyo kanoti haiwezi kuwa ya watu saba. Kuko hesabu moja Wamarekani wanatumia kwa mashua ndogo zisizofika futi 20, ni rahisi: urefu mara upana, kwa mita, halafu unagawanya kwa 1.4. Yako ni 5.5 mara 1.5, unapata 8.25, ukigawanya inatoka 5.9. Yaani watu 5, na ni watu 5 siku maji yametulia. Ukitaka saba kwa urefu huo huo, upana ufike mita 1.8. Naona tofauti ya sentimita 30 inaonekana kidogo ukiwa umesimama nchi kavu lakini ndani ya maji ndiyo inaamua kama mtoto akiegemea pembeni kanoti itamfuata au itakataa. Waangalie wavuvi wetu wa sambaza, wale samaki wadogo: mtumbwi mmoja peke yake ni mwembamba, unaviringika, basi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu na wanafanya kazi usiku mzima wamesimama juu yake. Wamejinunulia upana kwa miti na kamba.

Sasa habari ya kutulia kwenye ufuko. Chini bapa inatulia kwa sababu inafuata uso wa maji. Maji yakilala nayo inalala, maji yakiinama nayo inainama pamoja nayo, na watu wote wanateleza upande mmoja, uzito unaongezeka kule kule kunakoinama. Tena kwenye mawimbi yetu ya Kivu, mafupi na yanayofuatana mbiombio, inapiga paa, paa, paa, misumari inalegea, mbao zinaanza kuachana na maji yanaingia polepole bila mtu kuona. Tafuta ambayo mbele imechongoka chini kama herufi V, ipasue wimbi, halafu ikienda nyuma ilale kiasi. Hiyo itayumba kidogo ukipanda, usiogope, kuyumba kwa kwanza si kupinduka.

Mkishakaa ndani wote na chakula chenu na esansi (petroli), pima kutoka kwenye maji mpaka juu ya ubao wa pembeni, pale pa chini zaidi. Ikiwa chini ya sentimita 40 mimi singeondoka na mtoto. Na funga bidoni (madumu) tupu za lita 20, vifuniko vimekazwa, chini ya kila kiti, ufunge kwa kamba nzuri zisije zikaruka. Kila moja inainua karibu kilo 20. Kanoti ikijaa maji haitaenda chini, na mtu anakuwa na kitu cha kushika. Maana hiyo ndiyo sheria ambayo watoto waijue kama majina yao: ikipinduka, tunabaki na kanoti, hakuna mtu anayeogelea kwenda ufuko hata akiuona uko karibu, maji yanadanganya umbali.

Jile (jaketi la kuelea), kila mtu na yake ya kipimo chake, inavaliwa kwenye ufuko kabla ya mguu kuingia ndani. Siyo ya kukalia! Zinaandikwa namba: ya 50 ni ya mtu anayejua kuogelea, kuanzia 100 ndiyo zimetengenezwa kumgeuza mtu uso juu. Kwa mtoto chukua yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, halafu umnyanyue kwa mabega ya jile, ikipanda mpaka masikioni si yake.

Mekanisie Birere:

Muzee amesema vizuri. Mimi naongea moteri tu.

40 kwenye kanoti ya mbao ya mita 5 na nusu, hapana. Moteri ya 15 ya viharusi viwili iko karibu kilo 36, ile ya 40 inakaribia mara mbili ya hapo, na uzito wote uko nyuma kabisa, pamoja na wewe unayeshika usukani, pamoja na bidoni ya esansi. Nyuma inazama, mbele inanyanyuka, hauoni unakokwenda. Na kuko kitu ambacho wauzaji hawasemi: ukienda mbio halafu ukakata gazi, yaani mafuta ya moteri, ghafla, lile wimbi lako mwenyewe lililokuwa linakufuata linakufikia na kupanda juu ya ubao wa nyuma. Kanoti iliyoshuka nyuma inajaa kwa mara moja. Kwa hiyo gazi inapunguzwa polepole, kila mara, hata mbele ya marafiki wanaotazama.

Ila usichukue pia 15 ukategemea ya kwenye makaratasi. Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia moja kila mita 100. Hapa 15 inafanya kazi kama 13 hivi. Na watu saba itawasukuma, kilometa 10 kwa saa au kuzidi kidogo, kwa maji matulivu ni sawa, lakini upepo ukiwa mbele utalia. Mimi ningechukua 25. Mwambie fundi aangalie jigleri ya karbirateri, kile kitundu cha kupima esansi, kwa sababu moteri zinazotoka bandari ya pwani zinakunywa esansi nyingi kupita hewa ya hapa, zinatoa moshi na buji (plagi) inakuwa nyeusi. Kama haifiki mizunguko yake ukifungua yote, weka elisi (propela) ya hatua fupi zaidi.

Esansi ni mafungu matatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Ndani ya sanduku weka buji mbili, ufunguo wake, kamba ya kuvutia moteri, pini ya elisi kama yako inatumia pini. Na ile kamba nyekundu ya kukata moto ifungwe kwenye mkono au mguu wa anayeendesha. Watu wanaiacha inaning'inia. Mwendeshaji akianguka ndani ya maji na moteri inawaka, kanoti inageuka yenyewe, inazunguka na kumrudia pamoja na elisi. Na makasia mawili, Papa, ya kweli, si ubao wa kuokota.

Dada wa Sake:

Mimi naongeza kitu ambacho hakiko ndani ya maji. Mkitua kula upande huu wa kati ya Goma na Sake, msikae kwenye mashimo wala mabonde madogo ya karibu na ufuko, zaidi asubuhi mapema ambapo upepo haujaamka. Mazuku iko huko, gazi ya kaboni inayotoka ardhini, si ile ya ziwa. Ni nzito kuliko hewa, inalala chini kwenye shimo, haionekani na mara nyingi haina harufu, na mtoto pua yake iko karibu na udongo kuliko yako wewe. Mkiona panya au ndege wamekufa mahali fulani, muondoke. Ulizeni wenyeji kabla ya kutandika mkeka, kila mtu wa hapa anajua mashimo yake. Na mtu akianguka ndani ya shimo hilo usiruke kumfuata mbio mbio, wengi wanakufa wawili kwa namna hiyo.

Papa wa Himbi:

Aksanti sana wakubwa, bibi amesoma yote, sehemu ya kukata gazi ghafla amenisomea mara mbili kwa sauti. Ile kanoti nimeshaiacha, kuko fundi anaweza kutengeneza ya mita 1.8. Amebaki na mawili: upepo, na moteri ikizima. Kwa moteri nilimwambia tutatupa nanga tungojee msaada. Ninunue nanga ya kilo ngapi?

Mtoto wa Nguba (Bukavu):

Kaka, nanga nunua, lakini isiwe ndiyo tumaini lenu. Nanga inashika kama kamba iliyotoka ni mara tano mpaka saba ya kina cha maji, ikiwa fupi inavutwa juu tu na haishiki kitu. Sasa Kivu inashuka kama ukuta, kuna mahali unaondoka kidogo tu kwenye ufuko na tayari hamna chini, na kwenye kina kikubwa inakaribia mita 480. Kamba hiyo utaibeba wapi? Nanga ni ya kutua kwenye ghuba.

Moteri ikizima katikati, ubaya wake si kwamba hamuendi. Ubaya ni kwamba kanoti isiyosukumwa inajigeuza ubavu kwa mawimbi, na ubavu ndipo inapopindukia. Kazi ni kuishika mbele iangalie upepo. Chukua gunia gumu, ule mdomo wake ushone duara la waya nene ubaki wazi, funga kamba nne zikutane kwenye kamba moja ya mita 25 au 30, ifungwe mbele ya kanoti. Ukilitupa linajaa maji, linavuta, na pua ya kanoti inabaki kwenye upepo. Hapo sasa una nafasi ya kufungua buji kwa utulivu. Hata ndoo yenye mkono mzuri inasaidia, ila gunia ni bora.

Upepo ukiwakuta na moteri inawaka: wote washuke wakae chini sakafuni, katikati, hakuna anayesimama hata kutafuta simu. Punguza mwendo lakini usizime, wimbi ulipokee kwa mbele, pembeni kidogo, siyo uso kwa uso na kamwe si kwa ubavu. Kama ufuko wenu uko ubavuni mwa upepo, mwende kwa kona, kata kushoto kidogo, kisha kulia, itachukua muda, ni sawa. Mmoja anatoa maji na kopo bila kungoja kuambiwa.

Lakini nyinyi wa Goma muko na shida ambayo sisi Bukavu hatuna sana. Huku kuna rasi, visiwa, ghuba kila kona, upepo unavunjika. Ziwa lina karibu kilometa 90 kutoka kusini kwenda kaskazini na nyinyi muko mwisho wake. Kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, upepo wa kusini unasukuma maji mbali na kuwaletea mawimbi yaliyokwisha kukomaa. Tokeni saa kumi na mbili na nusu, mrudi kabla ya adhuhuri, msingojee jioni kama ulivyoandika. Na ukisikia hewa ya baridi inakupiga ghafla kutoka upande wa wingu jeusi, usihesabu tena, ingia ghuba ya karibu. Upande wa mashariki ni maji ya Rwanda na mpaka hauna ukuta ndani ya ziwa, kwa hiyo kaa magharibi.

Ya gazi mwambie mama alale vizuri: ile metani nyingi iko chini ya mita 260 hivi, imekandamizwa na maji mazito yenye chumvi, kanoti yenu haiisumbui hata kidogo.

Gunia mlijaribu karibu na ufuko, siku ya upepo mdogo, mdogo wako alitupe na kulivuta mpaka ajue, kabla ya kwenda Tchegera. Likivutwa lina maji ni zito, kwa hiyo funga kamba nyembamba ya pili kwenye tako lake, ukiivuta hiyo linamwaga maji na kurudi kirahisi.