Namba za Beethoven: tuzifuate au tumwachie kondakta?

Mwalimu wa Kwaya, Tabora
Ndugu zangu wapenda muziki, naomba mawazo yenu. Ninawaandalia wanakwaya wetu jioni ya kusikiliza Simfoni ya 9 ya Beethoven, nami nimekwama kwenye sehemu ya tatu, ile ya taratibu iliyo kabla ya waimbaji kuingia. Katika rekodi ya kondakta (kiongozi wa okestra) Wilhelm Furtwängler iliyofanyika Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1951, sehemu hiyo inachukua karibu dakika 20, ilhali kondakta mwenzake Roger Norrington, aliyeshikilia namba za metronomu (kifaa cha kupimia mapigo ya muziki kwa dakika) alizoziacha Beethoven mwenyewe, anaimaliza kwa dakika 11 hivi. Noti ni zilezile. Vijana niwape ipi?

Mpiga Besi, Isevya
Mwalimu, mimi niko upande wa Norrington. Fundi Maelzel alipata hataza ya metronomu mwaka 1815, na kufikia 1817 Beethoven alikuwa ameshachapisha namba za simfoni zake nane za mwanzo. Mtu asiyejali mwendo hajisumbui kiasi hicho. Kwenye sehemu hiyo ya tatu aliagiza mapigo 60 kwa dakika. Weka simu yako kwenye mapigo hayo, kisha uimbe sentensi ya kwanza ya fidla, nawe utaona kwamba inaisha ndani ya pumzi moja. Kwa mwendo wa Furtwängler utaikata katikati, na wimbo uliokatwa hivyo hauimbiki tena.

Msikilizaji, Ujiji
Nakuheshimu, ndugu, lakini namba hizo zenyewe zina utata. Kwenye mswada wa simfoni hiyohiyo, Beethoven aliandika kwa mkono wake "108 au 120 Maelzel", kana kwamba hakujua asome wapi. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Hispania walieleza kwamba huenda alisoma namba iliyo chini ya kile kipande cha uzito kinachotelezeshwa kwenye fimbo ya metronomu, badala ya ile iliyo juu yake, na hivyo akaandika mwendo wa kasi kuliko aliokusudia. Isitoshe, alikuwa kiziwi, akiupima mwendo kichwani mwake tu, wakati ukumbi una mwangwi wake, na kila anayeimbisha kwaya kwenye kanisa lenye dari refu anajua jinsi mwangwi unavyolazimisha mwendo upunguzwe ili maneno yasipandane. Kondakta anayeusikiliza ukumbi hajamsaliti mtunzi.

Mpiga Besi, Isevya
Hoja ya mwangwi naikubali kabisa. Ile ya Wahispania haimwokoi Furtwängler: hata tukiondoa 12 nzima, ile tofauti ya 108 na 120, 60 inabaki 48, naye yuko chini sana ya hapo. Rekodi yake ni tukufu, nami huisikiliza, ila uamuzi ule wa mwendo ni wake. Mwalimu, wape vijana zote mbili, ukianza na Norrington, na uwaambie wazi ni nani aliyeamua nini.