Refa wa tatu au kamera? Mjadala wa filimbi katika vikapu vya vyuo Mombasa

Kipenga cha Tudor
Chuo kikipata fungu dogo la kuboresha uamuzi wa mechi za vikapu, kinunue kamera na skrini ya marudio, au kimlipe refa wa tatu? Nauliza kwa sababu kila mechi ikiisha wimbo ni ule ule: "refa katuuza".

Mimi niko na refa wa tatu. Sheria za FIBA, shirikisho la vikapu la dunia, zinaruhusu wawili au watatu, na sisi tumezoea wawili. Mmoja husimama mstari wa mwisho karibu na kikapu, mwingine hufuata nyuma ya mchezo. Mpira ukiwa kona ya kulia, wanaosukumana kushoto wakigombea nafasi ya ribaundi (mpira unaorudi ukikosa kuingia) hawana wa kuwaangalia. Anayeangushwa kule hapati kitu, na dakika moja baadaye mpinzani wake anapewa faulo kwa kuguswa kiwiko upande wenye macho. Hapo refa hakupendelea, hakuona tu. Lakini kwa aliyeanguka ni mamoja.

Benchi la Pili
Yakhe, refa wa tatu asiyefunzwa ni filimbi ya tatu tu. Tazama mchezaji anapopenya na kugongana na mlinzi. Filimbi mbili zinalia pamoja. Huyu kaweka mikono kiunoni, kosa la mlinzi. Yule kapiga ngumi kiganjani, kosa la mshambuliaji. Makocha wote wawili washaingia uwanjani! Na dawa yake haina gharama: ukisikia filimbi ya mwenzako, ngumi juu, mtazame, na tukio likiwa eneo lake mwachie aonyeshe ishara. Watu wanakimbilia ishara ili waonekane wana uhakika.

Na kamera usiidharau. Vyuo vya Marekani vina rufaa ya kocha, yaani kocha kuomba uamuzi ukaguliwe kwenye video, upande wa wanaume tangu msimu wa 2025-26.

Kipenga cha Tudor
Soma basi rufaa hiyo inachokagua. Nani aligusa mpira wa mwisho kabla haujatoka, kama mpira uliingiliwa kwenye ringi, na kama mlinzi wa pili, anayekuja kusaidia, alikuwa ndani ya nusu duara ya chini ya kikapu, ambamo hawezi kudai kagongwa na mshambuliaji. Kama mguso ulitosha kuwa faulo, hilo halimo. Na ugomvi wetu wote uko hapo hapo. Utanunua kamera ya kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Likoni Zoni
Mimi nawalaumu nyote kwa kuchanganya usahihi na uthabiti. Tukio lile lile laweza kuwa sahihi hapa na kosa kule. Kwa FIBA, mlinzi akishasimama mahali pake kabla mshambuliaji hajaruka, mgongano ni wa mshambuliaji. Kwa wanaume wa vyuo vya Marekani, tangu msimu wa 2023-24, lazima awe ameshafika kabla mshambuliaji hajakanyaga mguu wa kurukia. Tofauti ni nusu hatua. Mtu akeshe na mechi za Machi za vyuo vya Marekani kwenye simu, kisha aje amzomee refa aliyepuliza sawasawa.

Ni vivyo hivyo kwa mpira ulioko juu ya ringi. Kwa FIBA, ukishagonga ringi, beki anaruhusiwa kuupangua. Kule Marekani mpaka utoke kwenye eneo la ringi. Nusu ya kelele za mashabiki ni sheria za ng'ambo.

Uthabiti ni jambo jingine. Mwaka 2013 Wamarekani walichoka na mikono ya mabeki wakaandika wazi: kumwekea mwenye mpira mikono miwili, kumwachia mkono mmoja mwilini, kumdonoa tena na tena, kumzuia kwa mkono ulionyooshwa, zote ni faulo. Refa hakuachiwa kuamua kama mguso "ulimsumbua". Filimbi zilianza nyingi, ndiyo, lakini kila mchezaji alijua alichokosea.

Sisi tunafanya kinyume. Robo ya kwanza kila mkono ni faulo. Robo ya nne, mtu anang'ang'aniwa jezi, kimya. Kwenye saruji, saa tisa alasiri, na unyevu huu wetu, refa wa nyuma ameshachoka. Habadilishi tena pembe, anabaki katikati, mgongo wa beki umemziba. Anaona mtu kaanguka, haoni nafasi kati ya miili miwili, kwa hivyo anabahatisha. Hapo namuunga mkono Kipenga: watu watatu hukimbia kidogo.

Benchi la Pili
Kosa likirudiwa kwa uthabiti linabaki kosa. Refa anayekosea pande zote mbili kwa usawa si mzuri, kazoeleka tu.

Meza Namba Moja
Mnagombania filimbi, na mezani kwa watunza saa kunaharibika kimya kimya. Beki akiugusa mpira ukatoka nje, saa ya sekunde 24, muda wa timu kutupa mpira kikapuni, haianzi upya, inaendelea na zilizobaki. Kijana wa saa anasikia filimbi, kidole kinaenda chenyewe: 24! Timu imepewa zawadi.

Faulo ya beki, mpira ukirushwa ndani kutoka nje ya mstari katika nusu ya mbele, inakoshambulia timu: zikiwa zimebaki 14 au zaidi, usiguse, zikiwa 13 au chini, weka 14. Ikiwa nusu ya nyuma, 24. Ribaundi ya washambuliaji baada ya mpira kugonga ringi, 14. Yaandikeni kwenye kadi, kadi ibandikwe mezani. Na kabla mpira haujarushwa ndani, refa aitazame saa. Wengi hawaitazami.

Utepe na Chaki
Kuna kinachokosekana chini ya miguu yenu. Viwanja vingi vya nje havina ile nusu duara chini ya kikapu, sasa refa ataamuaje mlinzi alikuwa ndani au nje? Teremsha uzi wenye jiwe kutoka katikati ya ringi mpaka sakafuni. Hapo pawe mita 1.575 kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho. Pakiwa pungufu, mlingoti umeinama, anza na huo. Kisha funga kamba ya mita 1.25, zungusha chaki upande wa uwanjani, fuata kwa rangi, mstari wa sentimita 5. Kazi ya asubuhi moja, kopo moja la rangi.

Benchi la Pili
Hilo nakubali leo leo.

Meza Namba Moja
Sawa, lakini ichorwe kwenye vikapu vyote viwili. Tunawajua wenyeji.